Jinsi ya kuhoji mapato na matumizi ya kijiji

Mimi ni mjumbe wa kamati ya fedha, uchumi na mipango kijijini kwetu, na nawasihi ndugu zangu: mkutano mkuu msiwaachie wazee peke yao. Huku Tanzania Bara, kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria na kuuliza.

Kabla ya siku hiyo, pita ofisi ya mtendaji usome taarifa kwenye ubao wa matangazo. Anza na mapato. Ushuru wa gulio, kwa mfano: siku ya soko hesabu meza za wauzaji, zidisha kwa ushuru wa meza moja na kwa idadi ya siku za soko za kipindi cha taarifa, kisha linganisha na kilichobandikwa. Hapo fedha huweza kuvuja. Kwenye matumizi, "saruji mifuko 20" iwe na risiti ya duka yenye tarehe, na mifuko ionekane ilikotumika.

Mkutanoni simama, uliza kwa adabu: "Ndugu mwenyekiti, ushuru wa Agosti uko wapi?" Usikae mpaka swali na jibu viandikwe kwenye muhtasari, visipoandikwa, mkutano ujao mtaanza upya. Jibu lisiporidhisha, omba nakala ya muhtasari, uipeleke kwa mtendaji wa kata.