Namna ya kuipima bangili ya "nguvu" kabla hujaiamini (au kuiponda)

Mtu akikuvalisha bangili ya silikoni yenye kistika cha hologramu (picha inayometameta ukiigeuza) au kisumaku, akakwambia inaweka sawa nishati ya mwili, inaongeza balansi na stamina, wengi wetu tunafanya moja kati ya mawili, tunamwamini au tunamcheka. Mimi ni wa kucheka siku zote, ila kucheka sio kupima, kwa hiyo nikaivaa mazoezini na kusema ukweli nilijisikia mwepesi, na hapo ndo kazi inapoanza maana huo wepesi haukwambii kama ni bangili au ni vile umelala vizuri, umekunywa maji ya kutosha na akilini unajua kabisa kwamba umeivaa.

Anza na ule mchezo wa muuzaji. Unasimama mguu mmoja, mikono umeinyoosha pembeni, anakukandamiza mkono unayumba, anakuvalisha, anakandamiza tena, hutikisiki, watu wanashangilia. Sasa wewe usiangalie bangili, angalia vidole vyake. Mara ya kwanza anabonyeza kule mwisho karibu na kiganja na anasukumia nje kidogo, mara ya pili anasukumia ndani, kuelekea mwilini, yaani uzito wote anaushusha kwenye mguu uliosimamia, sasa utaangukaje? Na hata kama hana ujanja wowote, raundi ya pili mwili wako ushajua kinachokuja na umejikaza. Mfanyie hivyo hivyo mshkaji wako lakini badala ya bangili mshikishe rimoti ya tivii, atakwambia rimoti ina nguvu.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Tafuta bangili nyingine ya kawaida yenye uzito na upana ule ule, bandeji ya kufunga kifundo, sarafu, na watu wawili wa kukusaidia. Wa kwanza anarusha sarafu peke yake chumba kingine, ndo inayoamua ianze ipi, anaandika kwenye karatasi, anakuja kukuvalisha wewe umegeuza uso, anafunika na bandeji, kisha ANAONDOKA. Huyu ndo watu wanamsahau, akibaki pale uso wake utakuuzia siri hata asiposema neno. Wa pili, ambaye hajui umevaa nini, ndo anashika saa na kuhesabu. Kama ni ya sumaku kaa mbali na dambeli na chuma chochote, ikinasa tu mchezo umeisha.

Pima kitu cha namba, sio "najisikiaje". Sekunde unazokaa mguu mmoja macho yamefungwa, au pushapu mpaka ushindwe. Fanya mazoezi ya hicho kipimo siku kadhaa kwanza, kwa sababu balansi inapanda yenyewe ukirudia rudia, halafu sifa zinaenda kwa bangili. Kisha fanya jozi 10, kila jozi mara moja na ya kweli mara moja na ya bandia, pumzika vya kutosha katikati na usizimalize zote siku moja. Sare irudie. Karatasi zisifunguliwe mpaka mwisho. Ya kweli ikishinda 5 au 6 hamna kitu hapo, 7 bado ni bahati tu, na hata 8 kwenda juu kwa kubahatisha inatokea kama mara 5 kwenye 100, kwa hiyo ukiipata usikimbilie kutangaza, rudia yote upya.

Mimi nisingewekea matumaini. Power Balance, walioziuza sana hizi za hologramu, mwaka 2010 walikiri Australia kwamba hawakuwa na ushahidi wa kisayansi wa kuaminika, na 2011 wakafilisika. Za shaba na sumaku nazo watafiti wa Chuo Kikuu cha York walizijaribu kwa wagonjwa 70 wa baridi yabisi, majibu yakatoka 2013, hazikuizidi bandia kwa lolote la maana. Na ile porojo kwamba sumaku inavuta madini ya chuma kwenye damu, mashine ya MRI, ile ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili, ina sumaku ya tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 1.5 au hata 3, kubwa mno kuliko ya bangili, watu wanaingia na kutoka na damu yao iko pale pale.

Kuna atakayesema bora inanipa morali ya kwenda jimu. Sawa, ila ile ya kawaida uliyoivaa kwenye kipimo nayo imekupa morali hiyo hiyo kwa bei ndogo, kwa hiyo irudishe hii ya ghali kabla muda wa kurejeshewa hela haujaisha, risiti usitupe. Ngozi ikianza kuwasha ivue hapo hapo, hasa zenye nikeli. Na mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo au pampu ya insulini za sumaku asijaribu kabisa, hata kwa utani, mpaka amuulize daktari wake.