Somo: Kuwapandisha Wahusika Bila Kumvunjia Nguli Hadhi

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika kwa dadu, kampeni (hadithi moja inayochezwa vikao vingi) inaanza na habari za nguli: joka kongwe, malkia mchawi. Miezi inapita, wahusika wanapanda madaraja, na siku ya kukutana naye anaanguka raundi ya pili. Au hagusiki kabisa, na mwendesha mchezo anabaki akicheza peke yake. Kwangu mimi chanzo ni kimoja: nguli alipewa namba za uwezo wake kabla ya kuwekewa mipaka.

Hatua ya 1: Amua mtaishia daraja la ngapi. Toleo la tano la Dungeons & Dragons lina madaraja 20, lakini si lazima mfike huko. Mkiishia la 10, nguli wa la 20 si wa kupigana naye.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya dadu. Hapa msiharakishe. Joka jekundu lililokomaa lina kinga 19 (jumla ambayo anayelipiga lazima aifikie) na uhai 256. Mpiganaji wa daraja la 1 mwenye +5 ya kujumlisha kwenye dadu anahitaji 14 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani asilimia 35. Akifika la 17 na +11, anahitaji 8: asilimia 65. Pengo si kubwa kama wengi wanavyodhani. Kikubwa ni kwamba wa kwanza hupiga mara moja kwa zamu na uhai wake ni kama 12, wa pili hupiga mara tatu na ana kama 140.

Kwa hiyo usikimbilie kupandisha kinga. Mchezaji anayekosa zamu baada ya zamu hukata tamaa. Mwongezee nguli nafasi za kutenda, maana wahusika wanne wanaopigana naye wana zamu nne, naye ana moja. Ndiyo sababu sheria humpa joka huyo vitendo 3 vya ziada katikati ya zamu za wengine, na mara 3 kwa siku akishindwa kwenye dadu ya kujinusuru na uchawi au madhara mengine huruhusiwa kuhesabu amefaulu.

Hatua ya 3: Mpe pengo moja. Liyongo hakuwezwa kwa mkuki wala mshale; alimalizwa kwa sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe ndiye aliyeipata siri. Siri ya namna hiyo ipatikane daraja la 3, itumike la 9. Wachezaji watakuwa wameifanyia kazi.

Hatua ya 4: Badilisha uhusiano. Mwanzoni wanasikia sifa zake, baadaye anawatuma, mwishowe anawaomba msaada.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mchezaji wangu anataka mhusika wake awe nguli tangu daraja la 1. Nimkatalie?*
Mpe sifa, mnyime namba. Labda alikuwa bingwa, akaumia, sasa anaanza upya. Watu wanamjua kwa jina, na hilo pekee ni uwezo mkubwa mezani.

*Nguli mwema akiandamana na kundi anamaliza mapambano yote. Nifanyeje?*
Mwache ashikilie lango ili wao wapite. Asipige pigo la mwisho hata siku moja.

*Wangu waliliangusha joka raundi ya pili. Ningeliongezea uhai kimyakimya?*
Hapana ndugu yangu. Walipanga, dadu ikawakubali, ushindi ni wao. Kikao kijacho anza na wale wanaokuja kugombania hazina yake.