Namna ya Kuunganisha Vyama vya Nishati Wilayani Ili Umeme Safi Uwafikie Wote

Tangu bwawa la Karuma lenye megawati 600 lizinduliwe rasmi mwezi Septemba 2024, mitambo ya Uganda ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 2,000, na sehemu kubwa ya umeme huo hutokana na maji ya Mto Nile. Hata hivyo, familia nyingi zinazoishi mbali na nguzo ya mwisho bado hazijawahi kununua tokeni ya Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla. Kazi iliyobaki ni kuufikisha umeme majumbani, na kazi hiyo kundi moja haliiwezi. Maelekezo haya yanawahusu viongozi wa vyama vya wauza sola, kampuni za gridi ndogo (mitandao ya umeme ya kijijini iliyo nje ya ile ya taifa), mafundi wa umeme na SACCO, yaani vyama vya akiba na mikopo, wanaotaka kushirikiana katika wilaya yao.

Anzeni na ramani, kabla ya katiba na kabla ya kuchagua mwenyekiti. Tandikeni karatasi ya manila mezani, mchore barabara, masoko, shule na vituo vya afya, kisha kila kundi litie alama kwa kalamu ya rangi yake mahali lilipokwisha kufanya kazi na mahali linapokusudia kwenda. Niliwahi kuhudhuria kikao cha namna hiyo katika mji mmoja wa mpakani. Kituo kimoja cha afya kilipata alama tatu, yaani mifumo mitatu ya sola iliyoletwa na miradi mitatu isiyojuana, ilhali kituo cha ng'ambo ya kinamasi hakikuwa na alama hata moja, na mkunga wake alitueleza kwamba usiku huzalisha akiwa amebana simu yenye tochi kati ya shavu na bega. Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu, na kituo hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza katika mpango wa pamoja.

Waiteni pia wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji, kwa sababu wao huzijua kaya moja moja. Mwalikeni na mhandisi wa UEDCL, shirika lililochukua usambazaji wa umeme nchini kuanzia tarehe 1 Aprili 2025, awaonyeshe laini zinakoelekea.

Jambo linalofuata ndilo linalovunja ushirikiano mwingi, nalo ni hofu ya mwenye gridi ndogo kwamba nguzo za taifa zitamfikia kabla hajarudisha mtaji wake. Hofu hiyo ina msingi. West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda, ilitegemea kwa miaka mingi mfumo wake wa peke yake, ukiwemo mtambo mdogo wa maji wa Nyagak wilayani Zombo wenye megawati 3.5, lakini baadaye laini kubwa iliufikia mji wa Arua. Kwa hiyo andikeni mapema ni nini kitakachofanyika siku hiyo: kama mtambo utauza umeme wake kwa gridi ya taifa, kama nyaya zitanunuliwa na kwa hesabu gani, na nani atakayeendelea kuwahudumia wateja. Nguzo na nyaya zijengwe tangu mwanzo kwa viwango vya taifa, hata kama gharama itapanda, maana laini isiyoweza kuunganishwa itang'olewa na mteja ndiye atakayekaa gizani. Makubaliano hayo yapelekwe ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme, ambayo ndiyo inayotoa leseni na kuidhinisha bei chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 1999.

Msiunde chama kipya cha kitaifa. Chama cha USEA tayari kinawakusanya watu wa sola nchini, na UNREEEA ni mwavuli wa vyama vya nishati jadidifu. Jiungeni huko, kisha mkubaliane wilayani kwamba hakuna mwanachama atakayeuza paneli au betri isiyofikia viwango vya UNBS, shirika la viwango la Uganda, wala kumtuma nyumbani kwa mtu fundi asiye na kibali cha ERA.

SACCO zisiachwe mpaka mwisho. Umeme unaowasha taa pekee hulipa polepole sana, lakini unaoendesha mashine ya kusaga mahindi au friji ya samaki hulipa kila siku. Katika kisiwa cha Lolwe, wilayani Namayingo, gridi ndogo ya sola ilipangwa pamoja na utengenezaji wa barafu na ukaushaji wa samaki, na huo ndio mpangilio ninaoupendekeza kwa mwalo wowote wa wavuvi. Mkopo wa mashine upangwe kabla nguzo hazijasimama.

Kutaneni kila baada ya miezi mitatu juu ya ramani ile ile, na kila kundi lirekebishe alama zake mbele ya wengine. Kati ya vikao, itundikeni katika ofisi ambayo mwananchi yeyote anaweza kuingia bila kuulizwa getini, na kalamu ifungwe kwa uzi kando yake.