Kabla hujanunua gitaa la Kihispania, chungulia tunduni
Usibabaishwe na mng'ao wa mgongo. Anza na uso, yaani ubao wa mbele wenye tundu; huo ndio unaotoa sauti. Angalia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikiendelea kutoka juu hadi chini, huo ni ubao mzima. Ukiona matabaka kama ya chapati, ni plaiwudi. Antonio de Torres, fundi magitaa wa Almería, Hispania, alionyesha uzito wa uso mwaka 1862: aliunda gitaa la mgongo na mbavu za karatasi iliyogandishwa kwa gundi, uso pekee ukiwa wa mbao.

Unataka la flamenko, muziki wa Kihispania? Tafuta mgongo wa mbao za msaipresi, mwepesi, na kibandiko cha kukinga uso, maana wapigaji hugonga hapo kwa kucha. Nyuzi za chuma usithubutu kwenye gitaa lolote la Kihispania, daraja, kile kipande usoni kinachoshika nyuzi, litang'oka.