Unataka kujua tigi? Anza na makava mabovu ya pikipiki

Fundi akipata mashine ya tigi (TIG, ile ya kuchomelea kwa ncha ya tangsteni na gesi) kwa mara ya kwanza huwa anakimbilia kununua kipande cha bati jipya la alminiamu, anachora mistari weee mpaka inapendeza, alafu siku bodaboda anamletea kava la klachi lililopasuka kila kitu kinageuka uji mweusi. Bati safi halikuandai kwa kazi hiyo. Kava la pikipiki mara nyingi ni alminiamu ya kumimina, ina silikoni ndani, ina vitundu vidogo vidogo toka kiwandani na imekunywa oili miaka kadhaa, sasa kama hela unayoitaka iko kwenye pikipiki basi jifunzie kwenye makava ya pikipiki hayo hayo.

Kuyapata sio shida. Hapa Tabora ukizunguka gereji za Isevya, Kiloleni au Ng'ambo kila moja ina kona ya vitu vilivyokufa: makava ya sumaku yaliyogongwa na pedali ya gea pikipiki ilipolala, makava ya klachi, kesi za injini zilizotobolewa na cheni iliyokatika ikajikunja pale kwenye sproketi ya mbele. Ongea vizuri na fundi, mpe bei ya skrepa ukiongeza kidogo, atakupa. Chukua yenye ufa na yenye vipande vilivyong'oka, tena chukua machafu, usichague yanayong'aa.

Kabla hujawasha chochote hakikisha ni alminiamu kweli, maana makava ya baadhi ya pikipiki ni magnesiamu na hiyo ikishika moto sio mchezo, inawaka mwanga mweupe mkali na ukiimwagia maji unaiongeza. Kwangua sehemu mpaka iwe safi, dondoshea siki. Ikianza kutoa mapovu palepale weka pembeni, hiyo sio ya kujifunzia. Alminiamu kwa dakika chache hizo inakaa kimya tu. Na ndoo ya mchanga mkavu iwepo karibu siku zote.

Mashine sasa. Hapa watu wanapigwa sana. Mashine nyingi za bei rahisi zimeandikwa tigi ila zinatoa umeme wa DC (unaoenda upande mmoja) peke yake, hizo ni za chuma na stenlesi. Alminiamu inataka AC (umeme unaogeuka-geuka), na sababu yake ni hii: alminiamu yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na hii ya kumimina inaanza kulegea chini ya hapo, lakini ule utando wa juu unaotokana na hewa unayeyuka nyuzi zaidi ya 2000. Bila kuuvunja utando ndani panayeyuka huku juu pamefunikwa na ngozi, na ule umeme wa AC unapogeuka ndio unaoivunja hiyo ngozi. Kwahiyo kwenye kununua usiulize kama ni tigi, uliza kama ina AC.

Gesi ni agoni tupu. Mtungi wa mchanganyiko wenye kaboni dioksidi ule wa migi (mashine ya waya) usiufunge hapa, utaunguza tangsteni, ile ncha inayotoa moto, na kazi itakuwa nyeusi. Huku kwetu agoni haipatikani kila kona, kwahiyo usiiachie ovyo, lita 8 mpaka 12 kwa dakika zinatosha, na upepo wa kiangazi unapovuma usichomelee chini ya mwembe kama tulivyozoea na mashine za fimbo (zile za kawaida za rodi zenye dawa), ingia ndani au zungushia mabati. Ukiingia ndani acha mlango wazi, agoni inasukuma hewa unayovuta. Tangsteni ya milimita 2.4, chukua ya bluu au dhahabu, hii yenye alama nyekundu ina thoriamu na vumbi lake ukiinoa sio la kuvuta. Rodi ya kujazia ni namba 4043, ina silikoni asilimia 5, inaelewana na alminiamu ya kumimina. Kava la unene wa milimita 3 anzia ampea 100 hivi, ukiwa na pedali ya mguu weka 130 alafu ucheze na mguu. Balansi (mgawanyo wa AC kati ya hasi na chanya) acha upande wa hasi uwe kama asilimia 70, kazi ikiwa chafu sogeza kidogo upande wa kusafisha, yaani chanya, lakini ukizidisha tangsteni inavimba kichwa.

Usafi ndio kazi yenyewe, kuchomelea ni sehemu ndogo. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, sugua, kausha. Petroli usitumie kitu unachoenda kuwashia moto, kostiki soda ya kutengenezea sabuni nayo usiloweke maana inakula alminiamu. Na ile dawa ya kupuliza ya kusafishia breki iache kabisa, zingine zina klorini na zikikutana na mwanga wa weldingi zinatoa gesi ya sumu ya kuua mtu.

Toboa tundu la milimita 3 pale ufa unapoishia, pande zote mbili, usipofanya hivyo ufa unaendelea kutembea huku wewe unaziba nyuma yake. Alafu chimba ufa wote uwe umbo la V, kwa tupa au biti ya kabaidi. Diski ya kawaida ya grenda sio nzuri hapa, inajaa alminiamu na inaacha uchafu wake ndani. Brashi iwe ya stenlesi na iwe ya alminiamu tu, ukishaipitisha kwenye chuma mara moja imekwisha kazi.

Kava lipashe kwenye jiko la mkaa taratibu mpaka tone la maji likiangukia linachemka na kukauka hapo hapo. Utaona oili inatoka jasho kwenye ufa, na moshi kidogo. Futa, piga brashi tena. Kama kava ni la kufunga injini tena lifunge kwa bolti kwenye kesi mbovu ya aina ileile kabla ya kuchomelea, vinginevyo litapinda na gasketi haitashika.

Haya, washa. Tochi (mkono unaoshika tangsteni) iegemee nyuzi 15 hivi, ncha ya tangsteni iwe juu kama upana wake mwenyewe tu, na usiweke rodi bado. Tulia hapo uangalie. Kwanza pataonekana pamekunjamana kama ngozi ya maziwa, alafu ghafla katikati panafunguka pang'avu, kidimbwi cha alminiamu iliyoyeyuka kinatetemeka. Hapo ndio unachovya rodi, unatoa, unasogea mbele. Kwenye makava haya kitu kingine kitatokea: doa jeusi linaibuka katikati ya kidimbwi linazunguka. Hiyo ni oili iliyokuwa imejificha kwenye vitundu. Usilizibe kwa rodi! Zima, chimba pale, brashi, rudi tena. Kava chafu kweli unaweza kurudia hivyo mara tatu nne mahali palepale na ni kawaida kabisa. Mzunguko wa kwanza kwangu huwa sihesabu kama kuchomelea, ni kupika uchafu utoke.

Tangsteni ikigusa kidimbwi simama ukainoe upya, usijitie ujanja wa kuendelea. Na ukifika mwisho usikate moto ghafla, punguza ampea polepole ukiongeza tone la rodi, maana shimo dogo linalobaki mwishoni ndilo linaloanzisha ufa mpya. Tochi iache palepale mpaka gesi ikome yenyewe. Kava lifukie kwenye majivu makavu lipoe taratibu.

Kofia ya kuchomelea iwe na kioo cheusi namba 10 au 11, na shati la mikono mirefu hata kama jua la Oktoba linawaka, mwanga wa alminiamu unarudi usoni na kifuani unakuunguza bila kujua mpaka usiku.

Sasa vunja kazi yako. Bana kwenye vaisi, piga nyundo, angalia ndani, ukiona vitundu vingi au mstari wa ufa wa zamani bado upo basi joto halikuingia au uchafu ulibaki. Yale yaliyosimama yapake chaki nje, mimina mafuta ya taa ndani uache yakae, chaki ikilowa panavuja.

Hata ukiiva kuna vitu usipokee: rimu za kumimina, habu, kalipa ya breki, na kile kipande kinachoshika shoki za mbele. Bodaboda atakubembeleza kwamba spea haipo mpaka Mwanza, mwambie asubiri. Na makava uliyoyamaliza kuyavunja rudisha kwa wa skrepa, chomoa kwanza bolti na bushi za chuma maana wakiziona wanakushusha bei ya mzigo mzima.