Kabla hujaagiza vifaranga vingine, hesabu trei

Nafuga kuku 200 wa mayai nyuma ya nyumba. Kila jioni andika mambo mawili tu: trei ulizookota na kilo za chakula zilizoliwa. Kuku mmoja hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo 200 humaliza kilo 24, watage wasitage. Mayai ya siku yakishindwa kulipa chakula cha siku hiyo wiki mbili mfululizo, na mtaalamu wa mifugo haoni ugonjwa, uza kuku waliozeeka. Mimi nilichelewa miezi mitatu, nikanunua pumba kwa ada ya mwanangu. Nakusihi, pesa ya shule isiingie bandani! Banda likibaki tupu, lisafishe, lipulizie dawa, lipumzike. Vifaranga baadaye, deni la chakula likishakwisha.