Vinundu Kwenye Mizizi: Chunguza Kabla ya Kuongeza Mbolea

Mnyanya unaonyauka saa sita mchana na kuchangamka tena jioni, ilhali udongo una unyevu, usiongezewe mbolea kabla mizizi yake haijachunguzwa. Uchimbe taratibu kwa jembe uma, kwa kuwa ukiuvuta kwa nguvu mizizi iliyoathirika hukatikia ardhini, kisha uisuuze kwenye ndoo ya maji. Ukiikuta imevimba kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, mshukiwa wa kwanza ni minyoo fundo.

Minyoo hao, wasioonekana kwa macho, huingia karibu na ncha ya mzizi wakiwa wachanga na kutema majimaji ndani ya seli chache zilizo jirani na mirija ya maji na chakula. Viini vya seli hizo hugawanyika tena na tena bila seli zenyewe kugawanyika, hivyo kila moja hubaki na viini vingi na kutanuka kupita kiasi, huku seli zinazozizunguka zikiongezeka kwa idadi na kwa ukubwa. Mmea haujikingi kwa uvimbe huo. Unamlisha mnyoo, na mirija iliyopindika haipitishi maji ya kutosha. Katika udongo wenye joto la nyuzi 27 hivi, kizazi kimoja hukamilika kwa takriban mwezi mmoja, na jike mmoja hutaga mamia ya mayai.

Si kila kinundu ni ugonjwa. Vinundu vya mikunde, vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, hukaa ubavuni mwa mzizi, hubanduka kwa kidole, na vikiwa vinafanya kazi huwa vya rangi ya waridi ndani. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa, kwa hiyo haubanduki. Kung'oa maharage kwa kuogopa vinundu vya mikunde ni kujinyima mbolea.

Mzizi uliokwisha kuvimba haurudi katika hali yake. Baada ya mavuno, toa mizizi yote uichome, wala usiitupe kwenye mboji. Udongo wa kitalu ulowanishe, kisha uufunike kwa nailoni angavu iliyobanwa vizuri kwa wiki 4 hadi 6 za jua kali. Aina za nyanya zenye jeni kinzani iitwayo Mi husaidia sana, ingawa ukinzani huo hudhoofika joto la udongo linapozidi nyuzi 28. Kwa hiyo anayezipanda msimu wa joto aweke matandazo mapema.